Sare Isimzuie Jirani

Leo tuzungumze juu ya sherehe za nyumbani. Sina maana ya harusi kubwa za mjini. Nina maana ya sherehe unazozijua wewe. Mtoto amemaliza darasa la saba. Mtoto mchanga ametimiza siku arobaini. Kijana amerudi salama kutoka safari ya mbali. Mahindi yamejaa ghalani. Siku kama hiyo watu huitana, hula pamoja, huimba na kucheza ngoma. Jambo hilo ni jema. Mtu anayefurahi peke yake ndani ya nyumba yake hajafurahi sawasawa.

Lakini siku hizi imeingia desturi mpya vijijini. Sherehe huanza na rangi. Kabla watu hawajajua watakula nini, mwenye sherehe anatangaza, "Sherehe yangu ni ya zambarau." Basi kila mama anatakiwa anunue kitambaa cha zambarau na kukishona. Viti vivishwe zambarau. Maputo yawe ya zambarau. Keki nayo iwe ya zambarau. Siku ikifika watu wanapendeza kweli, sikatai. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni shamba la maua. Ila mimi nimeona mambo yanayofuata baada ya siku hiyo. Maoni yangu ni kwamba desturi hii inatuumiza. Inamaliza fedha ya nyumba, tena inamfukuza jirani. Hili la pili ndilo baya zaidi.

Nitakueleza niliyoyaona.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Mwaka 2021 nilikuwa nikifundisha darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Tanga. Darasani alikuwamo mama mmoja hodari sana wa hesabu. Mwezi wa Septemba binti yake alifanya mtihani wa darasa la saba. Mama akataka kumfanyia sherehe. Alhamisi moja alikuja na daftari lake, akasema, "Mwalimu, nisaidie kujumlisha." Alikuwa ameandika hivi:

Viti 50 vya kukodi: shilingi 25,000
Turubai: shilingi 40,000
Mapambo na maputo: shilingi 80,000
Muziki: shilingi 60,000
Keki: shilingi 50,000
Kitenge na kushona, mama na binti: shilingi 45,000

Tulijumlisha pamoja. Jumla ilikuwa shilingi 300,000. Chakula hakikuwamo, maana kingetoka shambani. Hesabu ilikuwa sahihi, nikaiwekea alama ya vema. Sikumwuliza fedha itatoka wapi. Nilikuwa nafurahi kwamba mwanafunzi wangu anajua kujumlisha mpaka laki tatu. Hilo ni kosa langu.

Sherehe ilifana. Mimi mwenyewe nilikuwapo na keki nilikula. Nilipigwa hata picha.

Sasa sikiliza fedha ilitoka wapi. Nusu ilikuwa mkopo wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mkopo huo ulitakiwa kurudishwa kila mwezi pamoja na riba. Nusu nyingine ilitoka ghalani. Mama alikuwa na magunia matano ya mahindi, akauza matatu. Mwaka ule bei ya mahindi ilikuwa chini. Halafu mvua za vuli zikawa haba, na mavuno ya vuli hayakuwa ya kutegemea.

Mwezi wa Januari mwaka 2022 binti akatakiwa kuanza kidato cha kwanza. Unajua kwamba tangu mwaka 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari ni juu ya mzazi. Mama alikuwa bado analipa mkopo. Binti alifika shuleni wiki tatu baada ya wenzake. Sare ya sherehe ilipatikana mapema. Sare ya shule ndiyo iliyochelewa.

Ilipofika Aprili ghala lilikuwa tupu. Mama akaanza kununua mahindi kwa kisado. Wewe mkulima unaijua hesabu hii kuliko mimi. Mtu anauza kwa gunia wakati wa bei ndogo, kisha ananunua kwa kisado wakati wa bei kubwa. Mahindi ni yale yale, pengine yalitoka katika shamba lake mwenyewe. Ili apate fedha ya kisado, mama alikwenda kulima vibarua katika mashamba ya watu. Alhamisi akawa haonekani darasani. Kwa miezi minne tulimkosa mwanafunzi wetu hodari wa hesabu.

Hiyo ni habari ya fedha. Sasa nikupe habari ya jirani.

Nyumba ya pili kutoka kwa mama huyo anakaa bibi mmoja msusi wa mikeka. Yeye naye ni mwanafunzi wetu. Alianza kusoma zamani, mwaka 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bado anakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1971, iliyoitwa Wakati wa Furaha, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana. Baadaye hakupata kitu cha kusoma, akasahau herufi. Uzeeni ameanza upya. Bibi huyu ndiye aliyemlea yule binti, kila mama yake alipokwenda shambani. Alimlisha, alimwogesha, alimlaza juu ya mkeka wake.

Siku ya sherehe sikumwona. Kesho yake nilipita kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jana watu walikula nini?"

Nikamwambia, pilau na keki. Nikamwuliza kwa nini hakuja.

Akasema, "Mimi zambarau sina."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema kwamba leo hakuna mvua. Alikuwa amekaa barazani akisuka, na muziki wa jana aliusikia wote kutoka pale pale.

Ndugu msomaji, mama hakumkataza bibi kuja. Nina hakika angekuja na kanga yake ya kila siku angepewa kiti cha mbele. Lakini mtu mzima ana heshima yake. Hatakwenda mahali ambapo watu wote wamevaa rangi moja, yeye peke yake aonekane hana. Atabaki nyumbani na kusema anaumwa mguu. Unapotangaza rangi, fikiri ni watu wangapi watakaoumwa miguu siku hiyo.

Wako wanaonijibu, "Mwalimu, sare ni umoja. Tena si jambo geni." Ni kweli si jambo geni hapa pwani. Akina mama wa vikundi vya ngoma ya lelemama walikuwa na sare zao tangu zamani, na walipendeza. Lakini wale walikuwa wanachama. Walikaa, wakapatana, wakachanga. Hata hivyo mashindano ya vikundi hivyo, karamu kwa karamu na vazi kwa vazi, yaliwaingiza wengine katika madeni. Basi ugonjwa huu ni wa zamani, ila sasa umetoka kwenye vikundi na kuingia katika nyumba ya mtu mmoja mmoja. Na mgeni wa nyumbani si mwanachama. Hakuulizwa rangi. Ameletewa amri.

Je, tuache sherehe? Hapana. Tuache kuzipendezesha? Hapana pia. Mimi napenda sherehe yenye jambo lake, ambayo ukiingia tu unajua leo ni siku ya nini. Lakini jambo hilo linaweza kutoka katika kazi za mikono yetu. Tulilijaribu, na nitakueleza lilivyokwenda.

Tarehe 8 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kisomo Duniani. Mwaka 2022 darasa letu lilitaka kufanya sherehe siku hiyo. Vijana wakasema tukodi turubai. Mimi nikapendekeza tufanye nyumbani kwa yule bibi, uani kwake, chini ya mwembe. Na badala ya rangi, tutangaze kazi. Kila mtu aje na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, kikubwa au kidogo, na aje amevaa nguo yoyote safi.

Nisikudanganye, si wote waliokubali. Baba mmoja alisema watu watatucheka na kuiita sherehe ya maskini. Tulibishana mpaka taa ikaisha moto. Mwisho bibi mwenyewe akasema, "Njooni. Mikeka ipo." Basi maneno yakaisha.

Kazi ilianza wiki mbili kabla. Vijana walikata makuti mabichi, wakayasuka, wakatengeneza tao la kuingilia. Kila upande wa tao walisimamisha mgomba mmoja uliokwisha kutoa ndizi. Wanafunzi wa hatua ya kwanza walikata magazeti ya zamani kuwa vipande vya pembe tatu. Juu ya kila kipande waliandika neno moja wanalolijua kwa makaa: maji, mama, jembe, Tanga, asante. Vipande vikabandikwa kwenye kamba ya katani kwa gundi ya unga wa muhogo. Gundi hiyo ni rahisi. Koroga unga kidogo katika maji baridi, weka jikoni, endelea kukoroga mpaka iwe kama uji mzito, kisha iache ipoe. Lakini ifunike. Sufuria yetu ya kwanza ililiwa yote na kuku wa bibi.

Kamba ile ilizunguka ua mzima. Mzee mmoja alisimama chini ya neno lake muda mrefu. Kila mgeni aliyeingia alimwonyesha, "Lile ni langu." Nimeona mapambo mengi ya kukodi. Sijaona mtu akiyasimamia namna ile.

Sasa niseme kidogo juu ya ukili, maana ndio uliokuwa mkubwa siku ile. Bibi aliwafundisha akina mama watano tangu mwanzo. Miyaa hukatwa ingali michanga. Huanikwa juani mpaka iwe nyeupe, kisha huchanwa nyembamba. Inayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika maji yenye rangi ya unga ya dukani. Pakiti moja ndogo inatosha miyaa mingi. Kabla ya kusuka huloweshwa kidogo ili isikatike. Ukili husukwa mrefu kama utepe, ukazungushwa na kushonwa, ukawa mkeka, kikapu, au kawa la kufunikia chakula. Bibi hupima ukili kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Tulichukua futi ya darasani tukaipima pima yake. Bibi ni mfupi, tukapata mita 1 na nusu. Kijana mmoja mrefu akapata mita 1 na sentimita 80. Wote wakacheka wakasema, kuanzia leo ukili ununuliwe kwa pima ya kijana na kuuzwa kwa pima ya bibi. Nafikiri siku ile walielewa faida ya mita kuliko nilivyowafundisha mwaka mzima.

Lazima niseme kweli kuhusu kazi za mikono. Si zote zina nafuu. Mkeka mzuri huchukua wiki nyingi. Mama mwenye shamba, watoto na maji ya kuchota hana wiki nyingi. Wakati wako nao ni mali. Kwa hiyo sikushauri utengeneze kila kitu. Kikombe kinunue. Sindano inunue. Tengeneza kitu kitakachobaki nyumbani baada ya sherehe, na ambacho mikono yako inakiweza wakati wa kupumzika. Puto hupasuka kabla wageni hawajaondoka, na vipande vyake mtoto mdogo anaweza kuvitia mdomoni vikamkaba. Kikapu kitakwenda sokoni mwakani. Tena tangu tarehe 1 Juni mwaka 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na mtu mwenye kikapu kizuri haulizi atabebea nini.

Wanaume nao wasikae tu wakingoja pilau. Siku ile baba mmoja alileta upawa wa kifuu cha nazi, ameupiga msasa mpaka unang'aa, na mpini wa mti. Yule aliyesema tutachekwa alileta vigoda vitatu. Sikumwuliza lini alibadili mawazo.

Na watoto? Watoto hawahitaji kufundishwa sana. Wape vitu. Gunzi la mahindi na kipande cha kanga kuukuu ni mwanasesere. Matambara yakikazwa kwa kamba ya mgomba ni mpira. Kopo, mabua na kandambili zilizochakaa ni gari lenye magurudumu manne. Wewe angalia tu makali ya kopo, uyapondeponde kwa jiwe kabla ya kumpa mtoto. Siku ile magari yalikuwa kumi na moja, na barabara yao ilipita katikati ya ngoma.

Yule mama wa zambarau alikuja. Deni lilikuwa limekwisha mwezi uliopita. Alikuja na gauni lake lile lile la sherehe ya mwaka uliopita, na mkononi alikuwa na mfuko wa kubebea madaftari, ameshona kwa kitambaa kilichobaki. Mfuko ulikuwa wa binti yake. Bibi aliushika, akaugeuza ndani na nje, akatazama mishono. Kisha akamwambia mama, "Ungenipa na mimi kipande." Wakakaa mkeka mmoja mpaka jioni. Waliyosemezana siyajui, wala sikuuliza.

Tulitumia kiasi gani? Tulichanga fedha ya sukari, majani ya chai, mchele na mafuta tu. Hakuna aliyekopa. Hakuna aliyeuza gunia. Wageni walikuja wengi kuliko tulivyotazamia, na wengine walikuwa wazee ambao sikuwa nimewaona katika sherehe yoyote ya kijiji kile.

Basi, msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna furaha inakuja, fanya hivi kabla ya kumwambia mtu yeyote. Chukua daftari. Sasa unajua kuandika, usiliache likae bure. Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika "Tunacho". Upande wa kulia andika "Hatuna". Jaza kwanza upande wa kushoto, na usiharakishe. Andika mikeka, hata ya kuazima. Andika nazi, kuku, kuni, makuti, sauti nzuri ya shangazi, ngoma ya mjomba. Ukurasa wa kushoto ukijaa, utaona wa kulia umepungua wenyewe. Halafu ukurasa wa pili andika majina ya wageni. Anza na yule ambaye huenda angebaki nyumbani. Ukitaka wageni wako wawe na jambo moja linalowaunganisha, usiwatume dukani. Waambie walete wimbo, au hadithi, au mbegu ya kubadilishana. Asiye na kitu kingine ataleta kuni, nazo zitapika.

Mwaka 2025 mtoto wa pili wa yule mama alimaliza darasa la saba. Alhamisi moja mama alikuja na daftari, akasema, "Mwalimu, nisaidie kujumlisha." Safari hii nilimwuliza kwanza, "Mama, fedha itatoka wapi?"

Alicheka sana. Akasema, "Mwalimu, umechelewa miaka minne."

Akafungua daftari. Upande wa kushoto ulikuwa umejaa mpaka chini. Upande wa kulia ulikuwa na mistari minne:

Mchele kilo 10: shilingi 28,000
Sukari kilo 3: shilingi 9,000
Mafuta lita 1: shilingi 6,000
Rangi ya ukili: shilingi 2,000

Tukajumlisha, ikawa shilingi 45,000. Alikuwa ameuza ukili wa pima nyingi, aliosuka mwenyewe jioni jioni barazani kwa bibi. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti, akazihesabu mbele yangu. Zilikuwa 45,000, na mia tano moja ya nauli.